Wanasesere wa Karatasi Wakati wa Masika

Jumamosi, 2 Novemba 2024
Leo ni siku ya kuwaombea marehemu wote. Nimekwenda makaburini na wenzangu wa jumuiya, nimeng'oa majani kwenye kaburi la Stanslaus, nimewasha mshumaa. Upepo ukauzima, nikauwasha, ukauzima tena, nikauacha. Tulipokuwa tunarudi mvua ya kwanza ikaanza.

Daftari hili nimelitoa dukani kwangu. Lina picha ya twiga kwenye jalada. Stanslaus alikuwa akiniambia kwamba mwenye steshenari asiyeandika kitu chake mwenyewe ni sawa na mwenye bucha asiyekula nyama. Alifariki Agosti, kwa presha. Basi naandika.

Jumanne, 5 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Jirani yangu Monika ameleta uji tena. Yeye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Nsemulwa, na anaamini kwamba kazi ya mwenyekiti ni kuhakikisha hakuna mjane anayekaa kimya. Hupiga hodi akiwa ameshaingia. "Dada, umekula?" Nikijibu nimekula, anafunua sufuria kuhakikisha. Leo ameongea kuhusu mahindi yake ya Magamba, kuhusu ngedere, kuhusu mkwe wake, kisha akashika mkono wangu na kusema kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa naangalia ukucha wake uliopasuka.

Alipoondoka nimefungua boksi.

Niandike ni boksi gani, maana siku moja litakuwa la mtu mwingine. Ni wanasesere wa karatasi, na vitu vingine vya karatasi vya zamani vilivyochapwa kwa rangi. Wa kwanza alipewa mama mkwe wangu na sista wa Kizungu akiwa msichana mdogo wa mafundisho, kule misheni ya ziwani. Anaitwa Klara. Ana magauni matatu ya karatasi, kila moja lina vimasikio vya kukunjia mabegani ili lisidondoke. Mama mkwe hakuwaachia binti zake, alimwachia Stanslaus, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyekuwa hachani. Stanslaus akaanza kutafuta wengine. Nilipoolewa nikadhani ni wazimu, baada ya mwaka nikawa natafuta mimi kuliko yeye. Tuna mwanajeshi wa tangazo la nyuzi za kushonea, ukivuta uzi anapiga saluti. Tuna pango la Noeli linalosimama ukifungua kadi. Tuna picha za watakatifu zenye kingo zilizotobolewa kama lesi. Jumapili baada ya misa tulikuwa tunawatandaza kitandani, yeye anawabandika shingo zilizovunjika kwa gundi ya unga wa muhogo, mimi nawavalisha.

Mungu hakutupa watoto. Watu wa mtaa walisema wale wawili wanazaa karatasi. Tulicheka, maana aliyesema alisema vizuri.

Leo nimewatoa, nimewaangalia, nimewarudisha. Ndani yangu pamekufa ganzi. Lakini nimeamua jambo moja: masika haya nitawafikisha salama hadi kiangazi. Yeye alivuka nao masika yote ya maisha yake, nami siwezi kushindwa mwaka wa kwanza.

Jumamosi, 9 Novemba
Révérien wa mitumba amepita dukani. Wazazi wake walikuja Katumba kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa. Kila anapofungua belo la nguo hukagua mifuko ya makoti, na karatasi yoyote ya zamani hutuwekea. Leo kaleta mbwa wa karatasi. Ukivuta uzi anatikisa mkia.

"Mzee angemfurahia huyu," kasema.

"Angemfurahia sana."

"Vuta basi, mama."

Nimevuta. Mkia umetikisika. Zamani ningefunga duka palepale nikimbie nyumbani kumwonyesha. Nimemshukuru Révérien, nimemweka mbwa kwenye bahasha, nimeendelea kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watu.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua. Sikwenda misa.

Alhamisi, 21 Novemba
Mchwa. Wametokea nyuma ya kabati na kujenga njia yao ya udongo hadi karibu na boksi. Kesho yake tu wangeingia. Nimewapangusa, nimepaka oili chafu kwenye miguu ya kabati, boksi nimelihamishia juu ya benchi chumbani. Nyumba nzima inanuka gereji. Monika ameingia na uji wake, akanusa, akasema, "Nyie, humu mnatengeneza pikipiki?" Akacheka peke yake.

Ananichosha Monika. Nimeandika.

Jumapili, 8 Desemba
Jumuiya imesali kwangu leo. Wamama wamejaa hadi barazani. Baada ya rozari nimewasikia wawili wakinong'ona jikoni kwamba tangu msiba hawajaona chozi langu. Mmoja akasema labda ndoa haikuwa nzuri. Mwingine akasema labda anajua alichofanya. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikasubiri wamalize ndipo nikaingia, ili wasiaibike.

Walichosema kuhusu chozi ni kweli. Sikulia hospitali, sikulia kaburini. Nangoja, haliji.

Alhamisi, 26 Desemba
Wifi yangu Tereza amekuja kutoka Majimoto kula sikukuu. Ameleta mchele mpya na kuku wawili waliofungwa miguu kwenye pikipiki, mmoja akafika amekufa. Ni dada yake mkubwa Stanslaus, ana sauti yake, na nilikuwa naogopa sauti hiyo. Haikunifanya chochote.

Jana usiku wa Noeli nilisimamisha lile pango la karatasi mezani. Tereza aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akalia kwa sauti, akijipigapiga mapajani. Nilimpa kitambaa. Aliponyamaza akaniambia, "Wifi, wewe una moyo wa jiwe. Ndugu yangu alikuwa akikusifia hadi tunakereka, na wewe umekaa kama unasubiri basi."

"Nifanyeje, wifi?"

"Ulie. Mtu akifa analiliwa. Asipoliliwa anadhani hajulikani."

Asubuhi ameondoka. Aligoma kuchukua kitu chochote cha marehemu, ingawa nilimfungulia kabati la nguo. Alisema siku ukiwa tayari nitakuja. Zamani nilimwona ni mwanamke mkali asiye na maana. Sasa sijui.

Ijumaa, 3 Januari 2025
Mvua. Wateja wanne. Nimelala mapema.

Jumanne, 14 Januari
Bati la chumbani limetoboka. Nimerudi kutoka dukani nimekuta maji yanadondoka kwenye benchi, kando tu ya boksi, hatua ya mtoto. Kona moja ya boksi imelowa. Nimefungua huku mikono imetulia kama ya muuguzi. Walionyauka kingo ni picha mbili za watakatifu na mwanajeshi wa nyuzi, ambaye sasa saluti yake haifiki kichwani. Klara mzima.

Boksi nimelisukuma chini ya meza ya sebuleni.

Jumatano, 15 Januari
Fundi bati kasema kesho.

Alhamisi, 16 Januari
Fundi bati kasema mvua ikipungua.

Jumapili, 2 Februari
Jua limetoka leo, jua la kweli. Nimefungua boksi nikakutana na harufu. Ukungu umeshika. Vidoa vya kijivu kwenye magauni, kwenye mbwa wa Révérien, kwenye nyuso. Nilikaa chini nikashindwa kuanza. Sio kwamba nilisikitika. Sikujua tu mkono uanze na nani.

Monika akaingia. Sikuisikia hodi yake. Akaweka chupa ya uji chini, akavua kandambili, akakaa kwenye mkeka na kuuliza, "Tunafanyaje?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wote wananiambia. Nikamwonyesha: unapangusa kwa pamba kavu, husugui, unalaza kivulini, jua lenyewe linaua rangi. Tumefanya hadi saa tisa. Ana mikono mikubwa ya jembe na ameshika makaratasi yale vizuri kuliko nilivyotarajia. Akamvalisha Klara gauni la bluu, akakosea, akakunja masikio kwa mbele, akacheka.

"Dada, hawa mlikuwa mnawapa majina?"

Nikamtajia. Akarudia majina yote bila mzaha.

Jioni akasema, "Shemeji alikuwa na subira, jamani." Nilimsindikiza hadi kwenye kona ya njia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu. Nilikuwa nasahau kwamba rafiki huyo anaweza kuwa mtu anayekuchosha.

Jumatano, 19 Februari
Usiku maji yamepita chini ya mlango. Boksi nimeliwahi. Sasa nyumba nzima imebaki na mahali pakavu pamoja tu, ile meza ndogo pembeni ya sebule yenye msalaba na picha ya Bikira Maria. Nimeliweka hapo. Matawi yetu ya mwaka jana, yale ya Jumapili ya Matawi ambayo Stanslaus aliyachomeka nyuma ya msalaba, yameanza kuota ukungu kwa sababu ukuta unatoa jasho. Kitu kilichobarikiwa hakiachwi kioze. Nimeyalaza ndani ya boksi juu ya picha za watakatifu, nikafunika.

Kwa mara ya kwanza tangu Novemba naona nitafika nao kiangazi.

Jumamosi, 1 Machi
Sikufungua duka. Sina homa, sina kitu. Nimelala nikaangalia ukuta. Monika amepita mara moja kukusanya matawi ya jumuiya kwa ajili ya Jumatano ya Majivu. Ameondoka upesi. Mvua.

Jumatatu, 3 Machi
Boksi halipo.

Nitaandika kwa utaratibu. Asubuhi nilitaka kuwaangalia kama unyevu umerudi. Nikakuta meza ina msalaba, Bikira Maria na alama safi ya mraba katikati ya vumbi pale boksi lilipokuwa. Nilitafuta chini ya meza, chumbani, hadi jikoni, mahali ambapo nisingeliweka hata kwa bahati mbaya. Kisha nikasimama katikati ya sebule, maneno ya Jumamosi yakanirudia. Nilikuwa nimelala na mlango uko wazi.

"Dada, matawi yako wapi?"

"Kwenye boksi, pale kwenye msalaba. Chukua."

Nilisikia kifuniko kinafunguliwa.

"Boksi lote, dada?"

"Chukua tu, Monika."

Nilisema hivyo ili aondoke. Sikusikia alichouliza. Nilisikia sauti tu, nikatoa sauti.

Nilikwenda kwake bila kufunga mlango. Alikuwa anafua. Nikamuuliza boksi liko wapi, akasema, "Si nimempelekea katekista pamoja na matawi? Amechoma jana baada ya ibada." Alisema kwa upole, kama mtu anayeleta habari njema. Kisha akauona uso wangu.

Kwetu vitu vya baraka vikizeeka havitupwi jalalani. Rozari iliyokatika, picha ya mtakatifu iliyochakaa, matawi ya mwaka jana, vyote huchomwa kwa heshima. Monika alifunua boksi, akakuta matawi juu, watakatifu chini yake, wanasesere chini kabisa, na lote limewekwa chini ya msalaba. Aliniuliza, nikamwambia chukua. Akadhani nimeamua kuyatoa yote kwa Mungu pamoja na marehemu. Alidhani ndiyo namna yangu ya kulia.

"Nililibeba huku nalia njia nzima," akasema. "Nilisema dada yangu leo amemwachia mumewe aende."

Povu lilikuwa linamtiririka hadi kwenye viwiko. Akapiga magoti palepale kwenye maji ya kufulia. Nikamwambia inuka, utachafua kanga. Nikarudi nyumbani, nikafagia, nikafungua duka saa nne. Nimetoa kopi. Nimeuza kalamu. Nimepika wali, nimekula wote.

Nilichunga maji miezi minne.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kigangoni kwa katekista Aloyce. Alinionyesha karai alilochomea, nyuma ya kanisa, limeshaoshwa. Hakujua. Alisema aliona picha za watoto akadhani ni malaika. Majivu ya kupaka kesho ameshayachekecha, yamo kwenye kopo la maziwa ya unga, na akaniambia kwamba mwaka huu yametoka laini sana. Nikamwambia ni vizuri.

Monika hakuleta uji leo.

Jumatano, 5 Machi, Jumatano ya Majivu
Nilikwenda ibadani kwa sababu sikuwa na sababu ya kutokwenda. Kanisa lilijaa hadi nje. Nikajipanga kwenye mstari wa kushoto. Katekista alikuwa na kisahani, anachovya kidole gumba, anapaka, anasema u mavumbi wewe na mavumbini utarudi, anahamia mwingine. Aliponipaka kidole chake kilikuwa cha baridi. Nikarudi kukaa.

Halafu nikageuka nikawaona. Kila mtu. Wale wamama wawili wa jikoni kwangu, mzee wa kwaya, askari aliyeshika kofia mkononi, mtoto wa chekechea anayejikuna hadi anapaka pua. Wote wana Klara usoni. Wana mbwa, wana mwanajeshi, wana gundi ya muhogo ya mume wangu, na wanainama kutafuta sadaka mifukoni. Hapo nikadhani kilio hatimaye kimefika. Haikuwa kilio. Ilikuwa hasira. Nilitaka kuwafuta mmoja mmoja kwa kiganja. Nilikamata benchi la mbele kwa mikono miwili. Tangu Agosti sikuwa nimehisi chochote, na kilichokuja kwanza kilikuwa hicho, nami nikakishika kwa kuwa kilikuwa changu.

Monika hakuwepo. Mwenyekiti wa jumuiya kukosa Jumatano ya Majivu, watu waliulizana. Mimi nilitoka kabla ya nyimbo za mwisho nikaenda kwake.

Alikuwa nyuma ya nyumba anachambua maharage. Paji lake la uso halina kitu. Akasimama, ungo ukiwa mkononi.

"Mbona hukuja kupakwa majivu?"

"Nipakweje, dada? Watoto wako wale."

Nikamwambia yote. Nilimwambia ana kiherehere. Nilimwambia anaingia nyumba za watu kama hazina wenyewe, ana macho, aliwashika kwa mikono yake, aliwajua kwa majina, angewezaje kusikia "chukua" akachukua. Sauti yangu ilikuwa kubwa na jirani wa upande wa pili alitoka kuangalia. Monika alisimama tu. Angeweza kusema mara moja, wewe mwenyewe uliniambia. Nilimngoja aseme, ili nipate pa kumpiga. Hakusema.

Mwishoni nikasema mimi. "Uliuliza boksi lote. Nikasema chukua."

"Ulisema," akajibu taratibu. "Lakini nilisikia hukuwepo. Ulikuwa unaongea na ukuta. Ningepaswa kurudi kesho yake kukuuliza. Nilifurahi mno, dada, ndiyo maana sikurudi."

Nikamsogelea. Nikapitisha kidole gumba kwenye paji langu, nikakikandamiza kwenye lake, nikamchora msalaba. Nilikandamiza kwa nguvu hadi kichwa chake kikarudi nyuma. Sijui kama nilikuwa namsamehe au namwadhibu. Nadhani vyote viwili, na yeye alijua, maana alifumba macho akasimama imara.

Machozi yakamtoka yeye. Nikakaa kwenye kigoda chake, akakaa chini, tukaweka ungo katikati na kuendelea kuchambua kwa sababu mikono ilitaka kazi. Baada ya muda nikasikia naongea. Nilimweleza asubuhi ile ya Agosti, ambayo sijamweleza mtu, hata wifi Tereza, kwa kuwa wote waliuliza ilikuwaje na hakuna aliyengoja jibu.

Nikamwambia: nilikuwa mlangoni na mkoba, nachelewa duka. Stanslaus amekaa kitandani anavaa viatu. Akaniita, "Theo, hii kamba..." Nikasema nini, bila kugeuka. Hakumalizia. Nilidhani anapambana na fundo, hadi nilipogeuka nikamkuta ameanguka. Mpaka leo sijui kamba ilikuwa na nini.

Monika hakutaja Mungu. Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa mbali, akauliza, "Viatu viko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Vyote viwili?"

"Vyote. Kimoja kimefungwa," nikasema, na sauti ikanikatikia hapo.